KABURI LILILOZAA MKUNGU

Mguu mmoja wa Albina uko hewani tangu Jumamosi iliyopita, msomaji. Tulimwacha kwenye ngazi ya boti ya kifahari ya Laoban Liang, katikati ya Mto Zhujiang huko China, akipanda kwenda sitaha ya juu. Hapo ndipo aliposikia mluzi. Ulikuwa mluzi wa mumewe, Nikodemu, ule unaomalizikia kwa pumzi mbili fupi, na Nikodemu alikuwa na kaburi Bukoba. Pale juu alisimama mwanamume aliyempa mgongo, mwenye mabega yale yale.

Sasa tumruhusu akanyage.

Alikanyaga. Ngazi ikalia, na mluzi ukakatika.

"Niko?" Albina aliita.

Yule mtu akageuka.

Hakuwa Nikodemu. Alikuwa Respicius, mdogo wake Nikodemu aliyejifunza mluzi ule kwa kaka yake, ambaye kwa ufahamu wa Albina alipaswa kuwa Bukoba muda huo akipalilia kahawa.

"Shikamoo, shemeji."

Albina alikaa pale pale kwenye ngazi.

"Umefikaje hapa?"

"Nimeletwa."

"Na nani?"

"Na bwana harusi wako."

Na bwana harusi huyo hapo, anapanda ngazi na soda mbili mkononi, anacheka meno yote nje. Clément, mtu wa Lubumbashi, muuza jinzi, suruali imepigwa pasi hata majini. Tangazo la tatu la ndoa yake na Albina lilikuwa lisomwe kesho, Jumapili, katika parokia ya kwao Albina, Bukoba. Mawili ya kwanza yalishapita salama.

"Surprise, ma chère!" alisema Clément. "Nilitaka ndugu ya marehemu atupe baraka. Kwetu mujane haolewake kama ndugu ya bwana hayasema oui. Alifika jana, nikamuficha hoteli."

Albina alitamani kumkumbatia na kumzaba kibao kwa pamoja. Mtu mwema ana balaa lake.

"Baraka sikuja nazo," alisema Respicius.

Meno ya Clément yakarudi ndani.

* * *

Kabla hawajaulizana zaidi, chini wakaitwa kula.

Laoban Liang, yaani bosi Liang, alikuwa mwenye karamu. Miaka saba nyuma alikuwa na cherehani kumi na mbili chini ya bati, kwenye mji wa jinzi wa Xintang. Sasa alikuwa na viwanda vitatu vya jinzi, kofia nyeupe ya unahodha na boti ya vyumba viwili, ingawa kuogelea hakujua. Siku hiyo hoteli mpya ya ufukweni ilikuwa inafunguliwa Nansha, mto unapokutana na bahari, ikiwa na gati lake la boti za matajiri. Liang alikuwa amepata nafasi ya kuegesha pale, na alitaka wateja wake wakubwa wamwone akiingia.

Samaki mzima aliletwa mezani. Respicius, aliyekuwa na njaa ya safari, akala upande wa juu, kisha akamkamata samaki kwa vijiti na kijiko ili amgeuze.

"Bu yao! Bu yao!" Mke wa Liang alipiga kelele ya kumkataza, akamshika mkono.

"Nini tena?" Respicius aliuliza.

"Muache," Clément alinong'ona. "Ku boti hawageuzake samaki. Banasema boti nayo itageuka."

Respicius akamrudisha samaki kwa adabu zote. Laoban Liang akacheka, akasema mei wenti, hakuna shida. Mkewe hakula tena.

"Basi ngoja niwaoneshe kilichogeuka Bukoba," alisema Respicius, akachomoa picha mfukoni na kuiweka mbele ya Albina.

Msomaji uliyejiunga leo, sogea usikie. Juni 2004 Nikodemu alitoka kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Huanshi Zhonglu, Guangzhou, na begi dogo, asionekane tena. Wengine walisema kapanda boti kwenda Macau. Albina alimtafuta mpaka viatu vikaisha. Mwaka na nusu ukapita, wazee wakasema nyumba haiwezi kukaa na mtu ambaye hayumo wala hayuko kaburini. Wakafanya wanavyofanya watu wa kwao maiti isipopatikana: walizika mgomba. Wakauvika suti ya kijivu ya Nikodemu, wakalia, wakafukia, padri akitazama pembeni. Albina akanyolewa nywele, akawa mjane wa halali, akarudi Guangzhou kutafuta ada ya mtoto wao, Goodness.

Sasa tazama picha aliyowekewa. Msalaba wa saruji, jina la Nikodemu, na palepale kifuani pa kaburi, mgomba wenye afya kumpita mtu kimo. Ulikuwa umebeba mkungu.

"Waitu, jamani," alisema Albina.

"Kaburi limezaa," alisema Respicius. "Mgomba ukizikwa unaoza, huo ndio mwisho wa mtu. Huu umekataa. Wazee wamesema mwenyewe hajafa."

Laoban Liang akainama kuiona picha. Akadhani ni shamba la Albina, akamnyanyulia kidole gumba. "Hen hao! Ndizi nzuri!"

Albina aliiangalia picha mpaka ikaanza kucheza machoni. Kisha akakumbuka, na damu ikamrudi usoni.

"Ni kosa langu," alisema.

"Kosa gani?"

"Siku ile mlitaka mkate shina juu ya mizizi, kama inavyotakiwa. Nani alikataa? Si mimi? Nilisema mume wangu hazikwi bila miguu. Mkaung'oa mgomba mzima na kisiki chake. Kisiki cha mgomba kikipata mvua kinafanya nini, Respicius? Au wewe siku hizi si Mhaya?"

"Futi sita chini ya ardhi?"

"Futi sita za wapi! Mlichimba mbili mkasema jua kali!"

Respicius alitazama sahani. Hilo lilikuwa kweli, na alikuwepo na jembe lake. Lakini ukweli wa jembe na ukweli wa kaburi ni vitu viwili, na mtu aliyeona mkungu juu ya jina la kaka yake humwambii habari za kisiki.

"Padri Emmanueli anasubiri simu yangu leo," alisema. "Ameuliza tangazo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Kesho atauliza mara ya mwisho kama kuna anayejua kizuizi. Mume aliye hai ni kizuizi, shemeji. Nikisema neno, hatangazi."

"Sema unachotaka hasa. Ulitaka kunirithi, nikakukataa. Sasa umepata mgomba wa kukusemea."

"Nilitaka, sikatai." Respicius hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Albina kuliko matusi. "Lakini mimi si shida yako. Shida ni mama. Kila asubuhi anakwenda kaburini kuuwekea mgomba nguzo usianguke. Anaongea nao, anausimulia habari za Goodness. Kijiji kinakuja kutazama. Nipe mtu mmoja, mmoja tu, aliyemwona Nikodemu amekufa. Nitapiga magoti kwa padri leo hii nikuombee ndoa mimi mwenyewe."

Glasi ya Clément ikagonga meza. Alinyanyuka, akashuka kwenye chumba cha chini na kufunga mlango.

"Amekula vibaya?" Laoban Liang aliuliza.

* * *

Albina alikwenda kusimama tezi, nyuma ya boti, peke yake. Winchi za makontena za Huangpu zilikuwa zimeachwa nyuma, na mto ukapanuka, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Daraja la Humen likawapita juu, magari yakinguruma kule mbinguni.

Na pale chini ya daraja mluzi ukaja tena.

Pumzi mbili fupi mwishoni. Albina akageuka haraka kumwangalia Respicius. Alikuwa mezani, kinywa kimejaa wali. Nahodha alikuwa ndani ya chumba chake cha kioo. Liang na mkewe walikuwa wanabishana kwa Kikantoni habari za samaki.

Nani amepiga?

Boti ikatoka upande wa pili wa daraja, kukawa kimya. Albina alishika chuma kwa mikono yote miwili. Hapo ndipo alipojua kitu ambacho hangemwambia hata padri kwenye kitubio: alitaka Nikodemu awe amekufa. Kwa miaka mitatu alikuwa amelala nusu kitanda. Sasa alikuwa amempata mtu wa kumpenda mchana kweupe, mtu aliyembebea mizigo Xintang bila kuitwa, aliyekaa naye kila alipolia. Alitaka Nikodemu awe amekufa kabisa, amalize, amwache. Alijisikia akitaka hivyo, na akajiogopa.

Alishuka kwa Clément.

Pazia la dirisha lilikuwa limefungwa. Clément alikuwa amepiga magoti sakafuni, rozari mkononi, ukuta mbele yake.

"Clément! Unaumwa?"

"Tuko wapi?"

"Tumekaribia. Nimeona bendera za hoteli."

"Mwambie laoban turudie."

"Turudi? Tumeshafika!"

"Albina, minakuomba. Mimi pale sishuke."

Akamkumbuka wiki nzima iliyopita: Clément akisingizia tumbo, Clément akiuliza kama boti haiwezi kwenda Zhuhai badala yake, Clément aliyekaa kutwa upande mmoja wa boti, mgongo kwa ufuko. Albina akaketi kitandani.

"Kuna nini Nansha?"

Rozari ikatulia.

"Nikodemu," alisema Clément.

Msomaji, kama umesimama, kaa.

"Yuko hai?" Albina hakujua kama ameuliza au amefikiri tu.

"Hapana. Alikufa. Ni mimi njo nilimuzika. Na hii mikono."

Injini ilipunguza mwendo. Maji yakasikika yakilamba ubavu wa boti. Clément alikuwa bado amepiga magoti, na maneno yakaanza kumtoka haraka haraka.

"Visa zetu zote mbili zilikwisha. Polisi walikuwa wanaingia hoteli moja moja pale Huanshi. Kulikuwa agent anasema mutoke mujini siku tano, nitawaletea passeport. Tukakuja huku na ka boti ka wavuvi. Ilikuwa matope na matete tu, hakuna hoteli, hakuna kitu. Siku ya pili Nikodemu akashikwa na homa. Malaria, alitoka nayo nyumbani. Akatetemeka, akaniambia, Clément, nipeleke hospitali."

"Ukampeleka."

"Hospitali wataomba passeport. Wataita polisi. Watatufunga, watatufukuza, mali yote inapotea. Nikamuambia, ngoja kesho, agent anakuja kesho."

"Clément."

"Kesho yake asubuhi alikuwa amekufa. Masaa ine mbele ya agent kufika."

Albina alisikia kila neno na yote yalimwingia. Alimwona Nikodemu kwenye matope, anatetemeka, anaomba hospitali kama mtoto anavyoomba maji. Na aliyeombwa ndiye huyu. Huyu aliyetokea Xintang miezi miwili baadaye akasema, mama, nikusaidie mzigo.

"Ulijua mimi ni nani," alisema. "Siku ile ya kwanza. Ulikuja kwangu kwa sababu ulijua."

"Nilikuja kusema ukweli. Je te jure, minaapa. Nikakuta unabeba balo ya jinzi peke yako, unalia. Nikasema nitasema kesho. Kila siku nilisema kesho. Kisha nikakupenda, na kesho ikakwisha."

"Uliniacha nikazika mgomba!"

"Ulinionesha ile picha ya mazishi. Nilitapika, hukujua sababu."

Albina alikumbuka. Alimpa maji ya limau siku ile, na akamsifu moyoni kwa huruma yake. Sasa alitaka kumpiga, na mkono ulinyanyuka kweli, lakini ukaangukia mapajani mwake. Badala ya kelele ulimtoka mlio mdogo, na machozi yakafuata. Alimlilia Nikodemu upya. Safari hii alikuwa na mtu halisi wa kumlilia.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu ya ule mukungu. Niliona ile picha nikajua anadai watu wake." Clément aliinua uso. "Na Respicius ameomba mutu moja aliyeona. Ni mimi peke yangu. Nikinyamaza, ndoa haiko. Nikisema, ndoa..."

Neno moja tu ndilo lingemfungua Albina aolewe, na neno hilo hilo lingemfungia mlango mwanamume aliyetaka kumwoa.

Fataki zikalipuka nje. Boti ikagusa gati kwa mtikisiko mdogo, muziki ukapigwa, na Laoban Liang akasikika akiwapungia watu huku akicheka. Albina alisogeza pazia. Aliona mitende iliyoletwa kwa lori, wasichana wa sketi nyekundu wamepanga mstari, vioo ghorofa kumi na mbili.

"Wapi?" aliuliza.

Clément hakutazama. "Sijui tena. Wamejenga yote."

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa hapo hapo. Respicius alikuwa na simu yake mpya aliyonunua soko la Dengfeng asubuhi, lile dude lenye spika nne linalosikika mtaa wa pili. Aliona machozi ya Albina, akaona Clément yuko sakafuni, akadhani ni mambo ya wachumba.

"Shemeji, Bukoba wako hewani. Mama yuko parokiani na Padri Emmanueli. Nimemwambia unavyosema, habari za kisiki. Amekataa kunisikiliza mimi. Anakutaka wewe."

Simu ikawekwa mkononi mwa Albina. Sauti ya mama mkwe wake, Ma Leokadia, ikatoka kubwa na yenye mikwaruzo.

"Mama Goodness? Unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, Ma. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Mimi sina ugomvi na ndoa yako. Wewe bado kijana, nilishasema uolewe. Mimi nataka kitu kimoja. Uko huko alikopotelea. Niambie Nikodemu wangu yuko hai au amekufa. Ukisema amekufa nitalia, nitamaliza, nitalala. Nimechoka kusimama njiani. Usinifiche."

Albina akafungua kinywa. Angeweza kulisema mwenyewe. Alikuwa nalo kwenye ulimi, na padri alikuwa anasikiliza. Kisha akamwangalia Clément na rozari yake, akaona kwamba akilisema yeye, mtu huyu atakuwa amebebewa tena mzigo wake na mwanamke.

"Ma, usikate simu," alisema. "Kuna mtu hapa. Yeye ndiye atakayekujibu."

"Mtu gani?" Respicius aliuliza.

Aliinama, akamkabidhi Clément simu.

"Mwambie," alisema kwa sauti ya chini. "Kama ulivyoniambia mimi. Neno kwa neno."

Clément aliipokea kwa mikono yote miwili. Aliileta karibu na uso. Midomo ilicheza, sauti haikuja, na kilichokwenda Bukoba kilikuwa pumzi tupu, pumzi nzito ya mwanamume.

Upande wa pili yule mama akaongea, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Nikodemu?"

Clément aligandisha macho kwenye simu.

"Nikodemu, mwanangu, ni wewe?"

"Mwambie!" Albina alimshika bega. "Clément, mwambie sasa hivi!"

Clément alifumba macho.

"Ndiyo, mama," akasema.

Na vigelegele vya Ma Leokadia vikatoka kwenye spika zote nne, vikajaza chumba kizima.